Hondohondo wa Kaburini kwa Zakaria

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, pale kwenye meza za samaki, kwa nini niliaga siku nane na nikarudi siku ya ishirini na tatu, nimekonda, halafu nacheka peke yangu. Nimechoka kuanza upya kila anapokuja mtu kupima ndagala. Basi nimeandika. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo atakayeona herufi imekosewa airekebishe moyoni mwake na asonge mbele. Majina nimeyaweka. Mchungaji ameniambia majina ya wabaya tumwachie Mungu. Mungu anayo tayari. Haya ni yenu.

Habari mnaijua nusu. Mume wangu Zakaria aliuawa kule juu, ukingoni mwa msitu wa Itombwe, Neema akiwa bado tumboni. Tulimzika watu wawili, mimi na mama mkwe, kwa jembe lililovunjika mpini, chini ya mti mkubwa ndani ya msitu, kwa sababu kijijini wenye bunduki walikuwa bado wanakula mbuzi wetu. Juu ya udongo tukaweka jiwe langu la kusagia, lile la chini, ambalo mama mkwe alilibeba kichwani kutoka nyumbani ili nguruwe wa porini wasimfukue mwanawe. Hatukulia. Ungelia vipi, na wao unawasikia wanacheka?

Kwetu mjane asiyelia kwa sauti palipo na kaburi, matanga yake hayajatoka. Atazeeka, atauza samaki, atapata wajukuu, lakini kwa ukoo wa mumewe bado anadaiwa kilio. Mama mkwe alipokuwa anakufa hapa Uvira alinishika mkono akasema, "Uende ukamlilie. Ulie na sehemu yangu." Nikasema nitaenda.

Shida ni kwamba kaburi halikuwekwa msalaba, kijiji kilihama, na njia zilikufa. Alama niliyokuwa nayo ni moja tu. Tulipokuwa tunachimba, kokwa za matunda zilikuwa zinanidondokea mgongoni. Nikatazama juu nikaona shina limezibwa kwa udongo, limeachwa ufa mwembamba, na ndani ya ufa ncha ya mdomo wa ndege inatoka na kurudi. Huyo ni hondohondo, jike lililojifungia na mtoto. Kwa hiyo nilipanda mlima kutafuta kaburi kwa anwani ya ndege.

Kutoka Uvira mpaka Runingu

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni Jeremi, yule motari mwenye koti jekundu. Tulipatana saa kumi na mbili asubuhi. Alikuja saa nne, na nyuma ya pikipiki amefunga godoro la mtu. Nikakaa kati ya mgongo wake na godoro, na mfuko wa ndagala mapajani, kama kitu kilichosahauliwa ndani ya kitanda. Kufika kwenye miwa ya Kiliba mnyororo ukakatika. Jeremi akasema anaenda kutafuta mwingine, anarudi sasa hivi. Akalichukua godoro akalibeba kichwani, mimi akaniacha. Mjue alichothamini. Alirudi jua linashuka, midomo inang'aa mafuta.

Runingu tukafika kwenye baryeri ya barabarani. Askari mmoja akaniuliza ninaenda wapi na mfuko mkubwa hivyo.

"Naenda Itombwe, kulia bwana yangu."

"Bwana yako alikufa lini?"

"Mutoto wake wa tumboni sasa iko mukubwa kunipita."

Akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Huyu mama analia kwa mukopo."

Walicheka, wakashika ndagala viganja viwili viwili, wakanipisha. Lakini yule mwenzake alikuwa na huruma ya kijinga: akatangulia kwa mama mmoja wa pale kumwambia ampokee mgeni, ana msiba. Hakusema msiba wa lini. Nilipofika nikakuta mkeka umetandikwa, nikavuliwa viatu, nikakalishwa, na wanawake wanaingia mmoja mmoja wanakaa kimya, mikono shavuni. Nilitaka kusema. Kila nilipofungua mdomo, mmoja ananishika bega ananiambia nisijichoshe. Wakaniletea bugali wa muhogo na sombe ya majani yake iliyopikwa kwa mawese, nikala nikiwa na njaa ya siku nzima, na nikaona wanatazamana: mfiwa gani huyu anakula hivi?

Usiku huo mvua ilinyesha juu milimani, mto ukajaa, nikakaa pale siku tatu. Siku ya pili nikajikaza nikamweleza mwenye nyumba ukweli. Akasema kumbe ni vizuri, maana yeye pia ana mmoja ambaye hajamlilia. Basi tukapika ndagala zangu pamoja. Hilo sijutii.

Mlima

Kutoka Runingu mpaka Bijombo ni miguu. Wanawake wanaopanda na chumvi na kushuka na maharage waliniruhusu nifuatane nao. Wao wanapanda huku wanasimuliana habari za ndoa za watu. Mimi baada ya kona ya tatu nilikuwa nasikia moyo wangu tu. Goti langu mnalijua, lile lililogongwa na kitako cha bunduki. Liligoma katikati ya mlima. Nililala kwenye kanisa la nyasi, na viazi baridi alivyoniachia mmoja wao, na kibaridi kile ambacho sisi watu wa ziwa tunakisahau, kinaingia kwa vidole vya miguu. Asubuhi ukungu ukafunguka nikaona ziwa lote chini, na mabati ya Uvira kama sarafu zimemwagika kando ya maji. Nikasema, lile linalong'aa labda ni langu. Halafu ukungu ukafunga.

Bijombo, kwa Anselmi

Sasa nafika kwa jina lenyewe. Anselmi alikuwa jirani yetu. Wenye bunduki walipokuja kumtafuta Zakaria, hawakuijua nyumba. Anselmi ndiye aliyenyoosha kidole. Nilimwona kwa macho haya, amesimama penye zizi lake, anaonyesha mlango wetu kama mtu anayemwelekeza mgeni kwa heshima.

Nilimkuta sokoni Bijombo anauza maziwa ya kuganda. Nywele nyeupe, meno machache, redio ndogo shingoni. Aliniona kabla sijamwona.

"Bibi ya Zakaria? Minye nilisema ulikufa."

"Ulisema mambo mengi, Anselmi."

Akanimiminia kikombe, nikakiacha mkononi mwake. Watu wakatutazama, halafu wakarudi kwenye bei zao. Akaniuliza nimefuata nini, lakini ilionekana amejua, kwa sababu aliinama akasema polepole kwamba anaweza kunipeleka. Siku ile ya maziko, akasema, alikuwa kichakani. Alituona mimi na mama mkwe, aliuona mti. Wenye bunduki walipomuuliza familia imekimbilia wapi, alisema hajui.

"Niliwaona na sikusema," akasema. "Hiyo nayo uihesabu."

"Nimehesabu. Siku ya kwanza ulisema, siku ya pili ukanyamaza. Moja haiondoi ingine."

"Hutaupata mti peke yako. Musitu umebadilika."

"Niko na ndege. Niongozwe na ndege kuliko na weye."

Mmoja wenu aliniambia juzi kwamba hapo nilikuwa mjinga, kwamba ningemtumia tu halafu nimtukane baadaye. Labda. Ningekuwa nimeokoa siku saba. Lakini kichwani nilimwona Anselmi akitangulia mbele yangu kwenye njia ya kaburi la Zakaria, ananyoosha kidole tena, na miguu ikakataa.

Kwa Gaspari

Gaspari ni mdogo wake Zakaria. Wakati wa mauaji alikuwa mbali, machimboni. Sasa anaishi ukingoni mwa msitu na mkewe Mama Riziki, na kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaokuja na darubini kutazama ndege. Zamani alikuwa mtega ndege. Anasema ni kazi ileile, tofauti ni kwamba siku hizi wanarudi nyumbani wote wawili, yeye na ndege.

Mama Riziki alinipikia maharage na mahindi, akachukua ndagala zilizobaki akazinusa muda mrefu, mtu wa milimani asiyeona samaki kila siku. Nilipowaambia alama yangu, Gaspari hakucheka. Akasema shetani anayestahili kutajwa hapa ni Faustini, yule aliyekuwa msimamizi wa kijiji, aliyewaingizia wapasua mbao mpaka upande mzima wa mashariki ukabaki visiki. Kama mti wangu ulikuwa upande ule, umeshakuwa milango ya watu huko Bujumbura. Lakini kama ulikuwa ng'ambo ya kijito, alisema, basi una nafasi, kwa sababu hondohondo akishapata tundu zuri haliachi. Miti mizee yenye tundu la kumtosha ni michache. Anarudi mwaka hadi mwaka, na akifa, tundu linachukuliwa na wengine wa aina yake. Gaspari anajua matundu matatu upande ule yaliyo na majike ndani kwa sasa, lakini ameyajua kwa mbali tu, kwa kusikia. Hajapata sababu ya kuyafuata mpaka shinani.

Sasa niwaeleze ndege huyu, maana mkiniona nacheka peke yangu ni yeye ninayemfikiria.

Ni mkubwa kuliko jogoo yeyote wa sokoni, mweusi mbele, na nyuma ya mabawa mweupe kabisa, kama amevaa koti la msiba akasahau shati nje. Juu ya mdomo ana mdomo mwingine, unafanana na mama aliyejitwika bakuli na hana nia ya kulitua. Sauti yake ni bati linaloburutwa juu ya mawe. Lakini mabawa! Unayasikia kabla hujamwona, fuu, fuu, fuu, kama mtu anapepeta mpunga kwenye ungo mkubwa juu ya kichwa chako. Mara ya kwanza niliinama.

Wakati wa kuzaa ukifika, jike anaingia tunduni na kuuziba mlango mwenyewe kutoka ndani. Mume ndiye msaidizi wa ujenzi: anashuka kijitoni, anameza udongo, anautapika vidonge vidonge, na mke anavibandika kwa ubavu wa mdomo, tap tap tap, siku baada ya siku, anaongeza na kinyesi chake, mpaka unabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Ukikauka ni sementi. Nyani hawezi, chui hawezi, nyoka anajuta. Humo ndani atakaa miezi minne hivi. Atataga mayai mawili, atakayepona kwa kawaida ni mmoja. Na muda wote huo hatoki, hata siku moja. Anachokula yeye, na baadaye yeye na mtoto, kinaletwa na mume.

Nikamwuliza Gaspari: na mume akipata mke mwingine njiani? Akasema tangu anaanza kazi hii hajaona. Kwamba dume analeta kuanzia alfajiri mpaka jioni, mvua au jua, koo limevimba matunda. Anafika, ananing'inia kwenye gome, anatikisa kichwa, linakuja tunda moja mdomoni, anampa. Anatikisa tena, lingine. Hamwagi, hali moja njiani. Jike naye ni msafi hamjaona, hata weye Mama Safi wa meza ya jirani, na fagio lako, humfikii: kinyesi anageuza matako kwenye ufa anakirusha nje mbali, kokwa anazitupa. Ndiyo maana chini ya mti wa hondohondo kuna kitalu cha miche ya kila aina, matunda ya msitu mzima yameota mahali pamoja. Gaspari anasema yule anayepanda msitu ni huyu, sisi wote wengine tunakula tu.

Nilisikiliza nikawaza wanaume niliowajua. Zakaria angeweza. Wengine siwataji hapa, ingawa nimezoea kutaja.

Mti wa kwanza

Kumfuata dume si kumfuata mbuzi. Huwezi kukimbia chini yake. Njia ya Gaspari ni hii: asubuhi mnakaa mahali palipo wazi, mnamsubiri apite na koo limejaa, maana koo likiwa tupu anatoka, likiwa limejaa anarudi. Mnatazama pale anapozama kwenye miti. Kesho yake mnaenda kukaa palepale alipozama, mnamsubiri tena. Hatua moja kwa siku. Siku ya ukungu hakuna hatua. Tulikuwa na siku mbili za ukungu.

Siku ya nne, kabla Gaspari hajasema neno, niliuona mti. Mkubwa, ufa uko pale, udongo wa kijivu umezungushwa, chini miche imejaa. Mabegani nikasikia kokwa. Mnataka nisubiri nini? Nilijitupa chini nikalia. Nililia ile ya kwetu, ya kutoka tumboni, nikamwita Zakaria kwa majina yote, nikamsimulia Neema, nikamtukana kidogo kwa kuondoka, nikalia na sehemu ya mama mkwe kama nilivyoagizwa. Mama Riziki alinishika kiuno akalia pamoja nami. Hatukuacha mpaka sauti zilikauka.

Ndipo Mama Riziki, anafuta kamasi, akauliza, "Dada, jiwe iko wapi?"

Tukatafuta jiwe. Tukachokora kwa panga kati ya mizizi. Udongo haujawahi kuguswa. Na mizizi yenyewe nikaitazama sasa kwa macho makavu: ilikuwa myembamba, inatambaa. Mti wetu ulikuwa na mizizi iliyosimama kama kuta, na sisi tulimlaza Zakaria kati ya kuta mbili.

"Nimemulilia muti wa watu," nikasema.

Mama Riziki alianza kucheka kwanza. Na mimi nikacheka, tumekaa chini, magoti yana tope. Lakini Gaspari hakucheka. Alikuwa anatazama juu. Akatuonyesha dume kwenye mti wa mbali, koo limevimba, anageuza kichwa upande huu na upande huu. Alishakuja mara mbili, akasema, tukiwa tunalia, na mara mbili amerudi bila kushusha. Hondohondo hakaribii tundu lake akiona watu au akisikia kelele, asije akamwonyesha adui mlango.

"Shemeki," akaniambia, "weye umelia. Mwenye mutoto ndiye analala na njaa."

Tuliondoka tukiinama kama wezi. Kwa kuwa kilio kisicho na maiti kinaweza kuita maiti, Mama Riziki alitulazimisha tukae ng'ambo tule viazi pamoja kutoka sufuria moja, ili kihesabiwe kuwa mchezo. Nilikula huku nimegeukia ule mti. Nilikuwa nafikiria ule ufa. Yule mama mle ndani alikuwa anasikia vilio vyangu, hawezi kuona, hawezi kutoka, na aliyemtegemea hafiki. Mimi najua saa hizo zinavyokwenda. Asubuhi nilimwomba Gaspari arudi kwa mbali akatazame. Akarudi akasema dume amekuja alfajiri, amempa, wote wazima. Ndipo nikaweza kunywa chai.

Mti wa pili

Tulichukua siku tatu kuufikia. Dume wa mti huu alikuwa mjanja, alikuwa anazunguka bonde zima kabla ya kuzama. Siku moja tulimpoteza kwa sababu ya jozi nyingine ya hondohondo, wageni, waliokuja kuchungulia tundu lake. Alivyowafukuza! Aliacha matunda yake yote yakadondoka ili apige kelele vizuri. Halafu akaenda akaanza kuchuma upya.

Mti wenyewe Gaspari aliuona kwanza, akanyoosha mkono nyuma kunizuia. Ni libuyu, ule mti wa mbao nyekundu ambao Faustini na watu wake wangeuza mara moja, lakini huu una shimo katikati, ukiugonga unaita kama ngoma, na mpasua mbao hataki mti mtupu. Shimo hilo ndilo limeuokoa. Mizizi imesimama, kuta mbili zinanifika kifuani. Ufa uko juu, udongo wake mweusi wa zamani, na juu yake mpya wa mwaka huu.

Nikaingia kati ya kuta taratibu. Miche imesongamana mpaka magotini. Nikaitenganisha kwa mikono, sikuing'oa hata mmoja. Jiwe langu lilikuwa pale. Limezama, mzizi umepanda juu yake umeshika nusu, lakini lile bonde la katikati, nililolichimba mwenyewe kwa kusaga mihogo ya mwaka wa kwanza wa ndoa, lilikuwa na maji ya mvua na kokwa mbili.

Nikaweka kiganja. Mlijue hilo: kilio kilikuwa hapa, mdomoni. Miaka yote ile, na safari, na goti, na ile aibu ya mti wa watu. Mama Riziki alikuwa amekaa tayari kunishika.

Na juu tukasikia, fuu, fuu, fuu.

Gaspari akatikisa mkono: rudini, rudini. Tukajivuta kinyumenyume mpaka nyuma ya majani makubwa, hatua thelathini hivi. Dume akatua tawi la jirani. Akatazama sana. Jicho lake jekundu kabisa. Mama Riziki alinisogelea sikioni, nikaona machozi yake mwenyewe.

"Ukiondoka hapa hukulia, matanga haitoki, dada. Unajua."

Nilijua. Siku ile ya jembe lililovunjika nilifunga mdomo kwa ajili ya watu wenye bunduki, na Anselmi amesimama kichakani. Niliapa kwamba hakuna mtu atakayenifunga mdomo tena kwenye kaburi la mume wangu. Basi nilikaa pale na kiapo changu, namtazama ndege. Yuko kwenye tawi lake, amechoka, manyoya ya kifua yamelowa umande. Akinisikia ataondoka. Akiondoka, wawili watamsubiri.

Nikaweka kitenge mdomoni.

Akaruka akafika. Kwenye ufa ikatokea ncha ya mdomo. Akatikisa kichwa, tunda jekundu, akampa. Akatikisa, jingine. Nilianza kuhesabu ili nisipasuke. Kumi. Kumi na tano. Akatokea na jongoo mmoja, akampa naye. Ndani nikasikia sauti nyembamba inayodai, huyo ndiye mtoto. Ishirini na saba, halafu macho yakajaa nikapoteza hesabu, na yeye alikuwa bado anatoa. La mwisho alimpa kipande cha gome tupu. Gaspari aliniambia baadaye kwamba wageni wake wote huuliza gome ni la nini na hakuna anayejua. Mimi nadhani alikuwa anamletea tu kitu.

Akaondoka. Nikarudi kwenye jiwe kwa magoti na nikamwambia Zakaria yale ya lazima, kwa kunong'ona, mdomo umegusa udongo: kwamba mtoto ni wa kike, kwamba mama yake yeye Zakaria amemfuata, kwamba Anselmi anauza maziwa na sikunywa. Kokwa ikanidondokea mgongoni. Kisha nikainuka kabla dume hajarudi.

Njiani Mama Riziki alimsimamisha mumewe, akamwambia aseme yeye, maana yeye ndiye mwanaume wa ukoo aliyebaki: je, hiyo inahesabiwa? Gaspari alikata jani akalitafuna. Akasema kaburi liko palepale, sauti ndiyo tutakayoisogeza.

Walinishusha mpaka kijitoni, mbali, pale maji yanapoanguka kati ya mawe makubwa na huwezi kumsikia mtu wa hatua mbili. Mama Riziki akanivua kitenge cha kichwa, akanikalisha kwenye mchanga, akanishika kiuno.

"Lia sasa, dada. Hapa ndege hasikii."

Nikalia. Nililia mpaka jua likahama upande. Na kila niliposhika pumzi ili nianze tena, nilimwona kwa juu, kati ya matawi, mweusi na mweupe, anapita kwenda, anapita kurudi, koo tupu, koo limejaa. Hakukosa safari hata moja.